Mtoto wa Tusekile Aitwe Nani

Sogeeni, mkubwa kwa mdogo, aliyesimama akae. Leo naleta hadithi ambayo mimi mwenyewe imenishinda. Nitaisema yote, sitaficha kitu, kisha nitawaachia nyinyi mzigo niliochoka kuubeba.

Palikuwa na watu watatu waliofanya kazi katika chumba kimoja, orofa ya juu ya ghala la damu. Ghala lilikuwa mjini, na hospitali zilizolitegemea zilikuwa milimani, kila moja na barabara yake ya udongo. Zamani hospitali ikitaka damu ilipiga simu. Siku hizi kompyuta ya hospitali huiandikia kompyuta ya ghala, na kompyuta ya ghala ikikubali hutoa namba ya kibali. Bila namba hiyo hakuna gari linalotoka getini. Mazungumzo hayo ya kompyuta kwa kompyuta mafundi huyaita API, na yana adabu kali. Ukikosea neno moja, kompyuta haikuulizi, "Umesemaje, ndugu yangu?" Inakukatalia, basi.

Kwa hiyo ulihitajika mwongozo wa kuwafundisha mafundi wa hospitali namna ya kuiandikia kompyuta ya ghala. Wale watatu ndio waliopewa kazi hiyo.

Wa kwanza aliitwa Subilaga, na kipaji chake kilikuwa maneno. Alikuta mwongozo wa kurasa tisini na nne ambao hata walioutunga hawakuwahi kuusoma mara mbili. Akauvunja, akauandika upya kwa Kiswahili cha watu. Kila ukurasa aliomaliza aliushusha chini akamsomea mama muuza maandazi wa pale getini. Mama akitikisa kichwa kwa kuelewa, ukurasa unabaki. Mama akisema, "Mwanangu, hapo umeniacha," Subilaga anapanda ngazi kwenda kuandika tena.

Wa pili aliitwa Ambokile, na kipaji chake kilikuwa mikono. Hakuamini kitu asichokigusa. "Maneno yako matamu, dada," alimwambia Subilaga, "lakini fundi anataka kubonyeza." Akajenga, ndani ya kurasa zile zile, dirisha la kujaribia. Unasoma jinsi ombi linavyoandikwa, na hapo hapo, chini ya maneno, unaandika ombi lako, unabonyeza kitufe, unaona jibu. Dirisha lilipeleka maombi kwenye ghala la mfano, lisilo na damu wala magari, ili mtu akosee apendavyo bila kumuumiza yeyote.

Wa tatu aliitwa Bi Sikudhani, mama wa Lindi, mtu mzima kuliko wenzake kwa miaka ishirini, na kipaji chake kilikuwa macho. Yeye alitunza funguo. Kila hospitali ilikuwa na ufunguo wake, mstari mrefu wa herufi na tarakimu, na asiyekuwa na ufunguo hakuagiza kitu. Lakini alikuwa na tabia ambayo wenzake waliicheka: alisoma majaribio. Yote ambayo watu waliyaandika kwenye dirisha la Ambokile, yeye aliyasoma huku akinywa chai, moja baada ya jingine. "aaaa." "Mambo vipi ghala." "Jaribio la kumi na nne, Mungu nione."

"Bi Sikudhani, hizo ni takataka," Ambokile alimwambia.

"Takataka za nani? Mtu ameandika. Mtu akiandika, anasema na mtu."

"Anasema na kompyuta."

"Basi kompyuta ikimjibu vibaya, mimi nipo," alisema, akapuliza chai yake.

Hao ndio watatu. Sasa twendeni Lugende, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari kutoka ghalani, kwa sababu hadithi yenyewe ilitokea huko.

Lugende palikuwa na Bupe, fundi wa kompyuta wa hospitali, na hakuwa na msaidizi. Printa ikigoma, Bupe. Mtandao ukikatika, Bupe. Fomu ya kuagizia damu, ile ambayo manesi wanaijaza na kompyuta inaipeleka ghalani, aliiunda yeye peke yake kwa wiki tatu. Aliijaribu kila siku kwa kuagiza damu ya kesho yake, na kila siku ghala la mfano lilikubali. Akamwambia daktari, "Mfumo uko tayari." Neno hilo moja, "tayari," lilikuja kumtafuna asubuhi ya Alhamisi.

Maana Alhamisi ile aliyekuwa kitandani wodi ya wazazi alikuwa mdogo wake, Tusekile. Alikuwa amejifungua alfajiri, mtoto wa kike, sauti kali, mikono imekunjwa ngumi. Watu wakacheka kwa furaha. Kisha damu ya mama haikukata.

Mlango wa ofisi ya Bupe ulifunguliwa kwa kiwiko. Alikuwa Sista Skola, nesi mkuu wa zamu, na glavu zake zilikuwa nyekundu.

"Bupe, jokofuni hatuna O hasi hata tone. Ndugu wote waliopo tumewapima, hakuna anayelingana, na wewe mwenyewe unajua kundi lako. Fomu nimeijaza. Itume."

"Hali yake?"

"Itume kwanza."

"Sista, hali yake!"

Sista Skola alitazama pembeni. "Daktari anasema tunaweza kumshikilia mpaka saa sita. Baada ya saa sita, hasemi kitu."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika tano asubuhi. Gari lilihitaji saa mbili na nusu. Lisipotoka ghalani kabla ya saa tatu na nusu, halingemkuta Tusekile. Kupeleka gari la hospitali kwenda na kurudi ilikuwa mwendo wa saa tano. Bupe alipiga hesabu hiyo mara moja tu, akabonyeza kitufe cha kutuma.

Jibu lilirudi kabla hajatoa kidole. *Kosa 422. Ombi halikupokelewa.*

"Umekosea kitu," alisema Sista Skola.

"Sijagusa kitu. Ni fomu yako. Soma mwenyewe."

Sista Skola akainama, kidole kikishuka mstari kwa mstari. "Hospitali, Lugende, sawa. Kundi, O hasi, sawa. Uniti mbili, sawa. Tarehe, ya leo, sawa. Ifike, 6:00. Saa sita, sawa. Kila kitu sawa, Bupe."

"Saa sita, sawa," Bupe alirudia. Walikuwa wawili, macho manne, na wote waliona sawa.

Akatuma tena. Kosa 422. Akabadilisha "hasi" akaweka alama ya kutoa. Kosa 422. Akaandika jina la hospitali kwa herufi kubwa. Kosa 422. Akafuta yote, akaandika upya, vidole vikiteleza kama vina mafuta, akatuma mara ya tano. Safari hii jibu lilikuwa refu zaidi. *Ufunguo wa Lugende umekosea mara tano. Umefungwa kwa dakika sitini.*

Saa tatu na dakika kumi na mbili.

Alichukua simu akapiga ghalani. Sauti ya kike, laini, iliyorekodiwa, ikamwambia: "Kwa maombi ya damu, tafadhali tumia mfumo. Asante kwa kuokoa maisha." Alipiga tena. "Asante kwa kuokoa maisha." Alipiga ya tatu, na safari hii aliitukana ile sauti, tusi ambalo Sista Skola hajawahi kumsikia nalo, na sauti ikamshukuru vilevile.

"Narudi wodini," alisema Sista Skola. "Usitoke hapa. Fanya chochote."

Chochote. Bupe alibaki na neno hilo na ukuta. Kupitia ukuta ule alisikia magurudumu ya kitanda, na mtu akiita, "Tusekile, fungua macho! Nitazame mimi!" Hakusikia jibu.

Hapo ndipo alipofungua mwongozo wa ghala kwenye tovuti. Alikuwa ameuogopa tangu siku za kurasa tisini na nne, na alitegemea kuzama. Lakini juu kabisa, kabla ya salamu, kabla ya historia, palikuwa na maneno ya Subilaga: *Kama mgonjwa anasubiri, usianze mwanzo. Anza hapa. Jibu ulilopata lina namba gani?* Chini yake namba zimepangwa. Bupe akabonyeza 422. *Namba hii maana yake ni kwamba ombi lako limeandikwa vizuri, lakini kuna jambo moja ndani yake ambalo ghala haliwezi kulitimiza. Usibadilishe kila kitu. Huna kosa la mwandiko. Uliloomba haliwezekani. Liweke kwenye dirisha lililo hapa chini, ulione.*

Bupe alisoma mara moja tu. Hakuhitaji mara ya pili. Kwa dakika zote zile alikuwa amepigana na mwandiko, na mwandiko haukuwa na kosa.

Akashuka kwenye dirisha la Ambokile, pale pale chini ya maneno, akaweka ombi. Sasa, Ambokile alikuwa ameliongezea dirisha lake jambo ambalo hakuna aliyemwagiza. Kabla ya kutuma, dirisha lilikurudishia ombi lako kwa maneno, kama muuza duka anayekusomea ulichoagiza. Likamwandikia Bupe: *Unaomba uniti mbili za damu, kundi O hasi, zifike Lugende leo, saa kumi na mbili asubuhi. Saa hiyo imeshapita.*

Saa kumi na mbili asubuhi.

Bupe aliweka mikono kichwani. Sista Skola alikuwa ameandika 6:00, kwa sababu saa sita ni sita, alivyofundishwa na mama yake, anavyosema kila mtu Lugende, anavyosema Bupe mwenyewe. Kompyuta ya ghala ilihesabu kuanzia usiku wa manane. Kwake sita ilikuwa macheo. Kila aliyeandika saa ya nyumbani alikuwa anaomba damu ifike saa sita kabla ya wakati alioutaka. Na yeye fundi, katika majaribio yake yote, aliomba ya kesho, na kesho haijapita kwa hesabu yoyote ile. Ndiyo maana kila siku ilikuwa sawa.

Fomu ilikuwa yake. Kisanduku kile kilichouliza "Ifike saa ngapi?" alikichora yeye.

Akaandika 12:00. Dirisha likasema: *Zifike leo, saa sita mchana.* Akabonyeza. *Ombi limepokelewa.* Aliruka kutoka kwenye kiti. Alifika mlangoni akitaka kumwita Sista Skola, akageuka, akaona mstari wa chini, wa rangi hafifu: *Hili ni jaribio. Hakuna gari litakaloondoka.*

Alikaa chini sakafuni. Jibu alikuwa nalo. Fomu aliirekebisha kwa sekunde kumi. Lakini ufunguo wa kweli ulikuwa umefungwa hadi saa nne na dakika kumi na mbili, na saa nne na dakika kumi na mbili ilikuwa ni sawa na kaburi. Upande wa pili wa ukuta mtoto alianza kulia, mchanga, mwenye njaa, na hakuna aliyekuwa na mkono wa kumbeba.

Kwenye dirisha la kujaribia palikuwa na kisanduku kimoja kidogo kilichoandikwa "Maelezo ya ziada." Bupe aliandika humo: *Mdogo wangu anavuja damu. Tafadhali.* Akatuma. *Ombi limepokelewa. Hili ni jaribio.* Akaandika: *Si jaribio.* Akatuma. *Hili ni jaribio.* Akaandika: *Si jaribio si jaribio Lugende wodi ya wazazi Tusekile miaka ishirini na mitatu.* Akatuma. Alijua anaongea na ghala lisilo na damu wala magari wala watu. Aliendelea kutuma, maana kunyamaza alishindwa.

Mjini, Bi Sikudhani alikuwa na kikombe mkononi. Alisoma "aaaa." Alisoma "Habari za kazi." Akasoma Lugende. Akaweka kikombe chini, juu ya karatasi za watu. Kila ufunguo ulikuwa umeandikishwa pamoja na namba ya simu ya fundi wake.

Simu ya Bupe ililia.

"Hallo. Nani anaandika kwenye dirisha?"

"Mimi. Bupe. Lugende."

"Unajaribu au unalia?"

"Nalia, mama."

"Kosa umeliona?"

"Nimeliona. Ni saa. Tuliandika saa yetu."

"Kwenye fomu umerekebisha?"

"Nimerekebisha. Lakini ufunguo umefungwa."

"Nimeufunga mimi, mwanangu. Kufuli hiyo niliiweka mimi mwenyewe, kwa ajili ya wezi." "Utaratibu unataka barua ya hospitali, yenye mhuri, ndipo nifungue."

Bupe alisimama, akarudi kwenye fomu.

"Gari siwezi kukutumia, sina mamlaka nalo," alisema Bi Sikudhani. "Namba ya kibali inatoka kwenye mfumo tu. Kwa hiyo hesabu mpaka kumi, taratibu, kisha tuma. Na uombe hiyo saa yako iwe sahihi, kwa sababu naweza kufungua mara moja tu kabla wakubwa hawajaniona."

Bupe alihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Alipofika saba akahesabu kwa vidole. Kumi. Akatuma.

*Ombi limepokelewa. Kibali kimetolewa.*

Alitazama mstari wa chini. Hapakuwa na mstari wa chini.

Gari lilitoka getini saa tatu na dakika ishirini na sita. Msidhani hofu iliishia hapo. Kwa saa mbili na nusu Bupe alisimama kwenye korido, mtoto kifuani, maana manesi wote walikuwa na mama yake. Saa nne, Tusekile alisema kwamba anasikia baridi. Saa tano, aliacha kusema. Sista Skola alitoka akapita bila kumtazama Bupe usoni, na hilo lilikuwa baya kuliko habari yoyote. Bupe alimwambia mtoto, "Kisanduku kilikuwa changu. Ukikua nitakuambia mwenyewe, usije ukasikia kwa watu." Mtoto alilala.

Saa sita kasoro dakika nne, gari liliingia na vumbi lake.

Tusekile hakufa. Niseme hivyo haraka ili mpumue. Jioni alifungua macho, akauliza mtoto yuko wapi, na Sista Skola akaenda nyuma ya pazia akalia peke yake kama mtu aliyefiwa.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye mzigo wangu.

Katika ukoo wa Bupe, kitovu cha mtoto kikidondoka, anatolewa uani asubuhi, mbele ya watu, na anayembeba hulitamka jina lake mara moja, kwa sauti. Mara moja tu. Likishatamkwa halibadilishwi, haliongezwi, na hakuna mtoto anayepewa mawili. Mwenye jina lile anakuwa somo wake mpaka kufa. Somo ndiye anayeleta kanga ya kwanza. Mtoto akiugua, somo anaitwa kabla ya shangazi. Akiolewa, somo anakaa kulia kwake. Na hawaulizi jina ni la mwanamume au la mwanamke, huvikwa yeyote.

"Nimwite kwa jina la aliyeniokoa," alisema Tusekile. "Lakini mimi siku ile sikuwepo. Dada, wewe ndiye uliyekuwepo. Mbebe wewe. Mtaje wewe."

Bupe aliwaita wote watatu Lugende, akitumaini kwamba wakionana ana kwa ana wawili watajiondoa wenyewe. Walifika, wakanawa mikono, wakamshika mtoto kwa zamu. Hakuna aliyejiondoa.

Subilaga alisema: "Bupe, uliponifikia mimi ulikuwa unapigana na mwandiko. Ungeendelea kubadilisha herufi mpaka saa sita. Mimi ndiye niliyekwambia acha, kosa liko kwingine. Nimeandika kurasa mia na jina langu halipo hata kwenye mmoja. Sijawahi kulalamika. Leo nalitaka mahali pamoja."

"Ukurasa wako wa kujaza fomu," Ambokile alimkatiza, "uliandika nini kuhusu saa? Uliandika 'weka saa.' Saa ipi, dada? Hata mama maandazi hakukuuliza, kwa sababu na yeye saa yake ni hiyo hiyo!"

Subilaga aliinama. Ilikuwa kweli.

Ambokile alisema: "Maneno yalimwambia kuna kosa. Nani alimwonyesha ni lipi? Dirisha langu. Mimi niliwahi kukata tiketi ya basi imeandikwa 6:00, nikafika stendi adhuhuri na jogoo wa mkwe wangu kwapani, basi lilishafika lilikokwenda. Tangu siku hiyo nilisema, kitu changu chochote kitamsomea mtu saa yake kwa maneno. Hakuna aliyeniagiza. Dirisha likifanya kazi, watu wanaona kilicho nyuma yake, hawalioni lenyewe. Mtoto huyu angeonekana."

"Dirisha lako lilimwambia 'limepokelewa,'" alisema Bi Sikudhani. "Msichana akaruka kwa furaha. Mstari wa ukweli ukauandika kwa rangi ya uji. Angetoka mbio kwenda kumwambia nesi, angekaa kungoja gari ambalo halipo. Ungemzika mtu kwa rangi, wewe."

Ambokile alicheka kidogo, kisha hakucheka tena.

Bi Sikudhani alisema: "Mimi sina ukurasa wala dirisha. Nilisoma mlichoita takataka. Nilimpigia. Nikafungua bila barua, bila mhuri, na sasa ninayo barua yangu mimi, ya kujieleza, na sijui watakachoamua. Hawa wenzangu walifanya kazi yao kabla, wamekaa, wakinywa soda. Mimi nilifanya saa ile ile."

"Kufuli nayo?" aliuliza Subilaga kwa upole. "Ungeiwekea dakika tano badala ya sitini, Bupe asingehitaji kufunguliwa na mtu. Ulimfungia wewe, Bi Sikudhani. Hata wewe ulimwambia."

"Nilimwambia," alisema Bi Sikudhani. "Na ingefunguka mapema, kabla hajaliona kosa, angetuma nini? Angetuma saa ya macheo, angekataliwa tena."

"Ndivyo tunavyosema!" Subilaga na Ambokile walijibu kwa pamoja, na hapo kila mmoja akawa ameona ukubwa wa mwenzake, lakini hakuna aliyejiona mdogo.

Bupe alijaribu kuwapunguza kichwani mwake. Aliondoa ukurasa: alijiona akibadilisha herufi, na Tusekile akipoa. Aliondoa dirisha: alijiona akijua kuna kosa, asijue lipi, na Tusekile akipoa. Aliondoa macho ya yule mama: alijiona ana jibu mkononi na mlango umefungwa, na Tusekile akipoa. Kila alipoondoa mmoja, alimzika mdogo wake upya.

Na msiniambie dereva. Dereva alishakumbatiwa na ukoo mzima, na mwenyewe amesema alikuwa anaendesha tu. Msiniambie Mungu, ameshashukuriwa Jumapili, kwaya ikakauka koo. Msiniambie Bupe ampe jina lake mwenyewe. Wazo hilo lililetwa na Sista Skola, na Bupe alimjibu, "Mimi ndiye niliyechora kisanduku," wala hakuna aliyelirudia.

Asubuhi imefika. Kitovu kimedondoka. Uani kumejaa watu, Tusekile ameletewa kiti, shuka magotini. Subilaga amesimama kushoto na kanga iliyokunjwa. Ambokile yuko katikati, na yeye ana kanga. Bi Sikudhani yuko kulia, na yake ameishika kwa mikono miwili. Bupe amembeba mtoto. Amemwinua watu wamwone. Amevuta pumzi, amefungua mdomo, na jina halijatoka.

Watatu wanamtazama. Wawili watarudi mjini na kanga zao.

Ungekuwa wewe umembeba, mtoto ametulia juu ya mikono yako na watu wanasubiri sauti yako, je, ungemwita nani?